Meneja Hafungiwi

Jaji alikunjua gazeti, akalikung'uta kama anatoa makombo, akasoma kwa sauti ileile aliyokuwa akiitia watu mahakamani.

"Mtaalamu wa wanyama ashauri: sungura wa nyumbani aachwe huru, atembee ndani ya nyumba."

Akavua miwani, akawatazama wenzake mmoja mmoja, kana kwamba habari ile wameitunga wao.

"Ndani wapi?" Springi akauliza. "Uani?"

"Ndani ya nyumba. Sebuleni, chumbani. Imeandikwa hapa. Anasema kumfungia siku nzima ni kumwonea, mnyama yule anahitaji kukimbia na kuruka."

"Sasa akikimbia yeye sebuleni, mimi nikimbilie wapi?"

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, na benchi lilikuwa limeshajaa. Benchi lenyewe lilikuwa mbele ya kibanda cha fundi funguo, ubavuni mwa meza ya kahawa ya Shangazi. Springi, ambaye kazi yake ni kutengeneza makochi, alilivalisha sponji na ngozi ya bandia iliyobaki kwenye kazi ya mtu, ndiyo maana waliokuja kukaa dakika tano walijikuta wanaulizwa chakula cha mchana watakula wapi. Jaji naye hakuwahi kuwa jaji. Alikuwa karani wa mahakama, akabeba mafaili ya majaji miaka thelathini, akastaafu na sauti zao. Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, lakini hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo.

Mwenye kibanda, waliyemwita Komeo, alikuwa dirishani kwake, ufunguo umebanwa kwenye jiliwa, tupa mkononi. Aliposikia neno sungura mkono uliteleza, tupa ikakwaruza pasipotakiwa, ufunguo wa mteja ukaharibika. Akautia kwenye kopo la vyuma chakavu, akachukua mwingine, akiomba moyoni mazungumzo yahame, yaende kwenye mpira au kwenye mashimo ya barabarani.

Hayakuhama.

"Ninyi hamjui jino la sungura," Springi akasema. "Mimi nina miaka ishirini na mbili kwenye makochi. Panya namwelewa, anatafuna kwa njaa. Sungura anatafuna kwa kutafakari. Anakaa, anakutazama, anawaza, halafu anakula mguu wa kiti. Mwachie kochi la watu watatu Ijumaa, Jumatatu utalikuta la mtu mmoja."

Shangazi alikuwa akisuuza vikombe. "Na kochi la nyumbani kwako," akauliza bila kuinua kichwa, "wewe unakaa upande upi?"

"Shangazi, tunazungumzia sungura."

"Nimeuliza tu. Mkeo kaniambia mpaka leo limefunikwa nailoni, linasubiri wageni. Wewe unakaa kwenye kigoda."

Jaji akacheka mpaka gazeti likatetemeka.

"Kigoda nimekichagua mwenyewe," Springi akasema. "Kinanyoosha mgongo. Jaji, endelea kusoma."

"Anasema mwenye nyumba apige magoti, atambae, aitazame nyumba kwa kimo cha sungura ili aone hatari zilipo. Nyaya zifunikwe. Sakafu inayoteleza itandikwe mkeka."

Springi akaweka kikombe chini ili apate mikono yote miwili ya kushangaa nayo. "Mwanaume mzima, mwenye ndevu zake, atambae sebuleni kwake akitafuta yanayomsumbua sungura. Halafu jioni mwanao aje kukuomba ruhusa ya jambo. Utaitoa kwa mdomo gani? Komeo, mbona umenyamaza? Wewe ndiye bingwa wa kufunga."

Komeo alijua kwamba mtu mwenye busara angesema ana kazi. Lakini benchi lote lilikuwa limemgeukia, na kunyamaza pale kulikuwa sawa na kukiri.

"Msimamo wangu mnaujua," akasema, na tupa akaishika kama kipaza sauti. "Kila kitu kina mlango wake. Mtu ana mlango, gari lina mlango, mnyama naye ana mlango. Mlango una kitasa, kitasa kina ufunguo, ufunguo uko mfukoni mwa mwenye nyumba. Kwangu mimi mnyama akitia mguu sebuleni, siku hiyo mmoja wetu analala nje."

"Hujasema nani," Shangazi akasema.

Hapo ndipo simu ya Komeo ilipoita. Simu hiyo ilikuwa na ugonjwa wa siku nyingi: spika ya sikioni ilikufa, ikabaki ile ya nje tu, kwa hiyo kila aliyempigia yeye alikuwa amewapigia wote. Alikuwa mke wake, muuguzi, aliyekwenda kumwona dada yake kwa siku tatu.

"Mume wangu, umeamka salama?"

"Salama tu. Niko na wateja hapa."

"Sikuweki. Meneja ameamkaje?"

"Wana mgeni," Jaji akanong'ona kwa heshima.

"Salama," Komeo akasema.

"Amekula?"

"Amekula."

"Amemaliza au amebakiza?"

"Amemaliza." Komeo alikuwa ameifunika simu kwa kiganja, lakini sauti ya mkewe ilikuwa imezoea wodi ya watu arobaini, haikuzuiliwa na kiganja.

"Na umempapasa kati ya masikio? Maana usipompapasa asubuhi anakununia mpaka jioni."

"Tume… tumesalimiana."

"Mkeka wa chumbani ameuchimba tena?"

Springi akainua macho polepole.

"Haya, mimi nimeshapanda basi," mkewe akaendelea. "Saa sita nitakuwa nyumbani. Mwambie nakuja na majani ya karoti, mabichi kabisa."

Simu ikakatika. Shangazi akaendelea kusuuza kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata.

"Huyo meneja," Jaji akauliza, "ni wa kampuni gani?"

"Ya majani," Shangazi akamjibu.

Springi akasogea dirishani, akaweka viwiko. "Komeo. Ndugu yangu. Masikio ya huyo meneja yana urefu gani?"

Komeo akatazama huku na huku. Halafu, kwa kuwa hakuna la kuficha lililobaki, akainua vidole viwili, akaonyesha.

Kicheko kilichotoka hapo kilimfanya mpita njia aruke mtaro. Springi alishika nguzo ya kibanda, akateleza nayo mpaka chini. Jaji alijifunika gazeti usoni, tumbo likawa linapanda na kushuka nyuma ya habari za michezo. Siku nyingine Komeo angecheka nao, maana kicheko cha benchi ukikidandia mapema kinaisha mapema. Leo alisimama tu na ufunguo mkononi, macho mekundu.

Shangazi ndiye aliyeona kwanza. "Hebu nyamazeni," akasema. "Huyu mtu ana jambo."

Wakanyamaza.

"Hajala," Komeo akasema. "Sijui kama amekula. Tangu saa moja asubuhi sijamwona. Nimetazama chini ya kitanda, nyuma ya friji, ndani ya kapu la nguo. Hayupo. Na mlango nilikuwa nimefunga, vitasa vyote viwili. Nimemdanganya mama watoto, na saa sita anafika."

"Kapoteaje ndani ya nyumba iliyofungwa?" Jaji akauliza.

"Ni ngazi ya Springi."

"Ngazi yangu imefanya nini?"

"Jana ulisema asubuhi utapita kwangu kuichukua."

"Sikupita. Nilipata mteja."

"Najua hukupita," Komeo akasema. "Lakini mimi nilikuwa nakusubiri. Nikawaza, akiingia akamkuta sungura anatembea sebuleni, nimekwisha. Mpaka mwakani nitakuwa hadithi ya benchi hili. Nikatoa kizimba stoo. Nilitaka nimtie humo kidogo tu, uchukue ngazi yako uende zako. Nilipomkamata akapiga teke, akanitoka. Nimegeuka, hayupo."

"Kizimba," Jaji akasema taratibu. "Miaka thelathini nimeona watu wa kila aina wakipandishwa kizimbani. Sungura ndiyo kwanza nasikia."

Hakuna aliyecheka sana. Shangazi alikuwa ameshafunika birika na kuvua aproni. "Sasa hivi saa nne kasoro," akasema. "Mnangoja nini?"

Jaji akakunja gazeti. "Kikao kimeahirishwa," akatangaza, wakaondoka wote wanne, Springi na mfuko wake wa vifaa begani.

Nyumba haikuwa mbali. Komeo akafungua kitasa cha kwanza, akafungua cha pili, akawageukia kwa aibu.

"Vueni viatu. Na mkiingia msinyanyue miguu. Buruteni."

"Kwa nini?" Springi akauliza.

"Anaweza kuwa karibu na mguu wako. Ukiburuta utamsukuma, ukinyanyua utamkanyaga."

Wakaingia hivyo, wakiburuta nyayo kama watu wanaovuka maji yaliyowafika magotini, na kila walipopita macho yao yalikusanya ushahidi. Waya wa televisheni ulikuwa umevishwa mpira wa kumwagilia bustani. Miguu ya meza ilikuwa imefungwa vipande vya maboksi. Mikeka ilikuwa imepangwa kutoka sebuleni hadi chumbani, mmoja nyuma ya mwingine, kama barabara. Kwenye kona kulikuwa na beseni lenye magazeti yaliyochanwachanwa.

"Hilo beseni?" Jaji akauliza.

"Choo chake."

"Anakwenda mwenyewe?"

"Alijifunza kwa wiki moja."

"Nimeishi na watu waliochukua muda mrefu zaidi," Shangazi akasema, na hakutaja nani.

Katikati ya sebule kilisimama kizimba cha nyavu za chuma, kizuri, pembe zote zimenyooka, mlango wazi na vitasa viwili vinang'aa. Kilikuwa kitupu.

Jaji akachukua uongozi. "Tutaanzia pale mtuhumiwa alipoonekana mara ya mwisho."

"Yeye si mtuhumiwa," Komeo akasema.

Jaji akakitazama kizimba. "Kweli. Ni mlalamikaji."

Wakapiga magoti. Hapakuwa na njia nyingine. Springi alitambaa kuelekea kabati la vyombo, Komeo akachukua jikoni, Jaji akaingia chini ya kitanda kwa ajili ya kujiridhisha. Hakutoka. Mkanda wake ulikuwa umenasa kwenye msumari wa chaga, na kwa dakika kadhaa chumbani kulisikika lugha ambayo haijawahi kuingia kwenye kumbukumbu za mahakama yoyote, mpaka Shangazi alipomvuta kwa miguu. Alitoka na vumbi kwenye nyusi na soksi moja ya Komeo iliyopotea tangu msimu wa mvua.

"Kielelezo namba moja," akasema, akaiweka mezani.

Komeo alirudi sebuleni, akatambaa kandokando ya Springi, wakawa wanamulika nyuma ya kabati kwa tochi za simu.

"Lakini ilikuwaje?" Springi akauliza, uso ukiwa bado umebanwa ukutani. "Mtu kama wewe."

Komeo akazima tochi. "Mtoto wetu wa mwisho alipokwenda chuo, nyumba ilinyamaza. Unajua nyumba inavyonyamaza? Tunakula, tunaosha vyombo, tunatakiana usiku mwema kama wapangaji. Mwenzangu anarudi kazini amechoka, anakaa. Mimi namuuliza kazi ilikuwaje, ananiambia nzuri. Basi, tumemaliza mazungumzo ya siku. Sasa mgonjwa mmoja alipopona akamletea sungura ndani ya boksi la viatu. Nikafurahi, nikaona hapo na mimi pana kazi yangu. Nilikitengeneza kile kizimba siku mbili, nikakitia vitasa viwili."

"Kazi nzuri," Springi akakubali.

"Nzuri sana. Sungura akakaa humo amegeukia kona, kama mtu aliyepewa adhabu. Wiki nzima. Jioni moja mama watoto akasema, hebu atoke anyooshe miguu. Akafungua. Yule akatoka, akazunguka sebule, akanusa kila kitu. Akasimama hapo kwenye mkeka. Halafu akaruka juu, akajipinda hewani kama samaki, akatua ametazama alikotoka. Mama watoto akacheka. Springi, kile kicheko nilikuwa sijakisikia mwaka mzima. Nilikuwa nimeanza kukisahau. Kesho yake kizimba nilikipeleka stoo kwa mikono yangu, wala sikutumwa na mtu."

Springi akakuna ndevu. "Ungeniambia tu."

"Ungenicheka."

"Ningekucheka," Springi akakiri. "Lakini siku mbili, tatu. Isingefika wiki."

Du.

Wote wanne wakatazamana. Ilikuwa sauti nzito na fupi, kama mtu anayegonga ubao kwa ngumi.

"Ni yeye," Komeo akasema. "Akikasirika anapiga mguu."

"Imetokea wapi?"

Du. Ilitokea ndani ya kochi.

Springi akasimama wima. "Haiwezekani. Kochi hilo nimelitengeneza mimi mwenyewe. Kitambaa cha chini nimekigongea pini kila upana wa kidole. Mende akitaka kuingia humo inabidi aniandikie barua."

Du.

Akalala kifudifudi, akamulika chini. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Unaona nini?" Jaji akauliza.

"Mlango," Springi akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuta jina lake kwenye orodha ya waliofeli. "Wa duara. Ukingo umekatwa vizuri kuliko mkasi wangu. Na pini hajagusa hata moja, kapita katikati. Huyu amesomea."

Komeo akajilaza karibu yake. Ndani ya giza la kochi, kati ya mbao na springi, yaliwaka macho mawili. Yalimtambua. Halafu yakazimika, na mahali pake pakatokea mkia mweupe.

"Amekugeuzia mgongo," Springi akamwambia.

"Naona."

Walijaribu jani la kabichi, likabaki pale lilipowekwa. Walijaribu kipande cha tufaha. Jaji alijilaza upande wa pili, akamweleza mlalamikaji kwa maneno ya kisheria kwamba usalama wake umehakikishwa na anaruhusiwa kutoka bila masharti. Mkia haukutikisika. Jaji akapendekeza walipindue kochi. Komeo akakataa, akasema springi zitambana mguu. Ikabaki njia moja. Springi akatoa mkasi mfukoni, akaugusa mshono wa nyuma, akasita.

"Tangu nianze kazi hii sijafumua mshono wangu mwenyewe nikiwa na akili timamu," akasema.

"Utamtisha," Komeo akamjibu. "Rudisha mkasi. Tumsubiri."

"Saa sita kasoro robo," Shangazi akawakumbusha kutoka mlango wa jikoni.

Wakaendelea kumsubiri wakiwa wamelala hivyohivyo, wanaume watatu kifudifudi, vichwa chini ya kochi, na ndiyo maana hawakusikia mguu barabarani. Walichosikia ni ufunguo kwenye kitasa cha kwanza, kisha cha pili.

Mke wa Komeo alisimama mlangoni na begi lake. Mbele yake zilikuwepo nyayo sita za watu wazima, mbili kati yake zikiwa na soksi zilizotoboka.

"Karibu, shemeji," Jaji akasema kutoka chini. "Pole na safari."

"Nimeshapoa. Mnatafuta nini chini ya kochi langu?" Halafu macho yake yakafika kwenye kizimba. Begi likashuka mkononi mpaka likagusa sakafu. "Na hicho kinafanya nini humu?"

Springi alikuwa wa kwanza kukaa. Jaji akajifuta vumbi. "Shemeji, kile pale ni kielelezo tu, kwa ajili ya…"

"Shemeji, nisamehe. Nimemuuliza mume wangu."

Komeo alijua kwamba uongo ulikuwepo, tena mzuri, umeshanyooka: alikuwa anakisafisha apate kukiuza. Benchi lote lingemuunga mkono, Jaji hata angeapa. Akamtazama mkewe, akaona jinsi alivyoshika kamba ya begi, na uongo ule ukamshinda kuutamka.

"Niliona aibu," akasema. "Springi alikuwa apite kuchukua ngazi, sikutaka amkute Meneja anatembea. Nikamkamata kwa nguvu nimfungie. Akanitoroka, akaingia humo, tangu saa moja hajatoka. Na kwenye simu nilikudanganya. Hajala. Sikumpapasa."

Mkewe akamgeukia Springi. "Na wewe, shemeji, ulikuja kuchukua ngazi?"

"Sikuja," Springi akasema, macho chini.

"Kwa hiyo alitaka kumfungia mtu wa nyumbani kwa ajili ya mgeni ambaye hakuja."

"Ndivyo ilivyo," Jaji akasema, kisha akajutia kusema.

Mwanamke akavua viatu. Akakaa kwenye mkeka na gauni lake la safari, akafungua begi, akatoa fungu la majani ya karoti lililofungwa kwa uzi, akaliweka mapajani. Hakumwita mtu. Alianza tu kuzungumza, polepole, kama anayepiga soga na jirani. Akaeleza kwamba dada yake anaendelea vizuri, mguu umeshuka uvimbe. Kwamba kwenye basi alikaa na bibi aliyelala begani kwake mwanzo wa safari mpaka mwisho. Kwamba amechoka, na jambo alilotamani njia nzima ni kufika nyumbani.

Kwenye ukingo wa chini wa kochi ikatokea pua, inatikisika. Masikio yakafuata, yamelala nyuma. Kisha Meneja mwenyewe, wa kijivu, mnene, na uzi wa kochi umenasa kwenye ndevu. Akapita mbele ya wanaume watatu bila kuwatazama, akamzunguka yule mwanamke mara mbili, akachomoa jani, akaanza kulitafuna huku macho yamefumba nusu.

Komeo akanyoosha kidole taratibu, akipeleke kati ya masikio. Meneja akaacha kutafuna. Akamtazama. Akageuka, akaenda hatua tatu, na katika kila hatua akaitupa miguu ya nyuma hewani, pa, pa, kama mtu anayekung'uta matope ya mahali asipotaka kurudi tena.

Mkewe akajaribu kujizuia. Alifunika mdomo, mabega yakaanza, kisha ikamshinda, akacheka, akacheka mpaka akainamia begi. Shangazi akadakia kutoka jikoni. Komeo alibaki na kidole chake kimenyooka hewani, na akaona kwamba kuchekwa na mtu yule hakukumuuma popote.

"Utaomba msamaha wiki nzima," mkewe akamwambia alipopata pumzi. "Kwake, na kwangu pia. Yeye wa leo asubuhi, mimi wa kwenye simu."

"Nitaomba."

"Na hicho kitoke. Si stoo. Kitoke ndani ya nyumba hii."

Komeo alikiinua mwenyewe. Hakufika nacho mlangoni. Shangazi alikuwa amekitazama tangu aingie, akasema nyavu zile zinafaa kabisa kuanikia vikombe, na kama mwenyewe hakihitaji atakichukua sasa hivi. Vitasa Komeo akaving'oa, akavitia mfukoni. Jaji akashika upande mmoja, Shangazi mwingine, wakatoka nacho barabarani, Jaji akilalamika kwamba umri wake si wa kubeba vizimba bali wa kuwasomea watu gazeti.

Springi alikuwa bado amekaa sakafuni. Alikuwa amerudi kumulika lile tundu, akipima kwa vidole.

"Kesho nakuja na kitambaa kigumu," akasema. "Nitaliziba lisionekane."

"Usizibe, shemeji," mke wa Komeo akamwambia. "Hicho ni chumba chake."

"Shemeji, hili ni kochi."

"Basi lipunguze makali, springi zisimchome."

Springi akavuta mfuko wake wa vifaa. Meneja alikuwa amefika gotini kwake. Akamnusa suruali. Akasugua kidevu kwenye mfuko wa vifaa, kona zote mbili, kama anayepiga mhuri. Halafu, bila kuomba ruhusa, akajibwaga ubavu kwenye paja la Springi, akanyoosha miguu, akafumba macho.

"Kafa?" Springi akauliza, uso umemsawajika.

"Amelala," Komeo akasema. "Usitikisike. Akijilaza hivyo amekuamini."

"Kwa muda gani?"

"Saa moja. Siku nyingine mbili."

"Mimi nina mteja."

"Hata mimi nina wateja," Komeo akamjibu, akaenda jikoni kumsaidia mkewe kupasha chai, na sauti zao zikaanza kusikika huko, moja inauliza habari za dada, nyingine inajibu kwa kirefu.

Springi alikaa. Mguu wake wa kushoto ulianza kufa ganzi kuanzia kidole gumba. Baada ya muda, akihakikisha hakuna anayemwona, alishusha kidole kimoja kati ya yale masikio, akakipitisha mara moja, akangoja, akakipitisha tena.

Simu yake ikaita. Akaidaka kabla haijaita mara ya pili, akaiweka sikioni.

"Fundi, viti vyangu vipi?" mteja akauliza. "Nimefika kwako, pamefungwa."

"Vipo," Springi akanong'ona. "Njoo kesho."

"Sikusikii. Mbona unanong'ona?"

Springi akatazama pajani kwake, akasubiri ule ubavu wa kijivu upande na kushuka.

"Ongea taratibu, bwana," akasema. "Kuna mtu amelala hapa."